Je, Mchagua Jembe Si Mkulima?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii husemwa kwa mvivu: yule anayeulaumu mpini, akaulaumu uzito, akakilaumu chuma, hata mvua zikapita na shamba lingali pori. Kwa mtu wa namna hiyo maneno hayo ni haki yake. Lakini siku hizi methali hiyo hiyo hutupiwa mtu mwingine asiye na chembe ya uvivu. Mtu aliyefanya kazi yake kwa miaka, kazi ikamponyoka bila ya kosa lake, na sasa amekaa barazani pake akijiuliza ashike lipi. Jamaa na majirani humwendea kwa nia njema wakamwambia: shika lolote, kazi ni kazi. Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: je, mtu huyo ana haki ya kuchagua? Na ikiwa anayo, achague kwa kipimo gani?

Swali hili lafaa kuulizwa Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wa Rukwa, na hasa katika kata ya watu wa kawaida kama Majengo. Mji huo uko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake wa Juni na Julai humfanya mtu wa Unguja atafute blanketi mchana. Mashariki ya uwanda ardhi huporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Magharibi huteremka mpaka Ziwa Tanganyika. Watu wake ni wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na jembe kwao ni zaidi ya mfano wa methali. Hiyo ni nchi ambayo zamani jembe lenyewe lilizaliwa humo humo, katika moto, kwa mikono ya watu waliokuwa na elimu yao. Habari ya watu hao itakuja mbele. Aliyepoteza kazi leo atangulie.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo, shirika lake la misaada, USAID, likakoma kufanya kazi. Katika Afrika Mashariki fedha za Marekani ndizo zilizokuwa zikibeba sehemu kubwa ya mapambano dhidi ya UKIMWI, na pamoja na kununua dawa zilikuwa zikilipa watu: washauri nasaha, watunza takwimu, na watumishi wa maabara wenye mikataba ya miradi. Mikataba ya wengi ikakatika. Wagonjwa walikuwa wale wale na darubini zilikuwa pale pale. Aliyeondoka ni mlipaji. Na achukuliwe mmoja wa watu hao, asiyetajwa jina kwa kuwa mfano wake ni wengi, anayerudi katika chumba chake cha kupanga Majengo akiwa na cheti, barua ya kumaliza mkataba, na ujuzi wa miaka kumi.

Mtu huyo amepoteza nini hasa? Mshahara, hapana shaka, na mshahara ni karo, kodi ya chumba na unga. Lakini kuna kitu kingine kisichoandikwa katika barua. Amepoteza uzito wa saini yake. Jana alipoandika katika karatasi ndogo kwamba vimelea vimeonekana au havikuonekana, daktari aliamini, mgonjwa alimeza dawa au hakumeza, na pengine uhai wa mtu ulisimama juu ya neno hilo moja. Leo akiandika maneno yale yale kwa mkono ule ule, karatasi yake haina thamani kuliko ya kufungia karanga. Hapo ndipo uchungu wake ulipo, na ndipo jamaa wanaomwambia kazi ni kazi wanapoukosea: wanadhani amekosa cha kufanya, kumbe yeye anaona amekosa kuaminiwa.

Kisha huja majaribu. Mlango hubishwa usiku, na jirani aliyembeba mtoto mwenye homa husema, “Daktari, hebu mtazame huyu.” Mtaani wote wenye koti jeupe waliitwa madaktari, na jina halikumalizika pamoja na mkataba. Jirani hana haja ya karatasi. Anataka neno tu, na yuko tayari kulilipia kidogo. Duka la dawa la pembeni nalo lingefurahi kuwa na mtu wa aina hiyo nyuma ya kaunta, achome kidole na kusema ni malaria au ni taifodi, bila kuulizwa kibali. Mwenye njaa hana miiko, husema watu, na mtu huyu ana njaa. Ujuzi ni wake, hakuuiba, aliusomea. Kwa nini asiule?

Jibu la haraka ni la sheria. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia maabara binafsi za afya mwaka 1997, na nyingine ya kuwasajili wataalamu wa maabara mwaka 2007. Anayepima bila ya kuzifuata hujitia matatani. Lakini jibu la sheria humtosha mwoga peke yake. Mtu mwenye kutafakari atauliza kama sheria hiyo ina haki nyuma yake, au kama ni ukuta uliojengwa ili mwenye mtaji apime na asiye na mtaji alale njaa.

Na hapa kazi ya maabara yenyewe hutoa jibu, kwa mtu aliyeifanya kwa moyo. Elimu ya maabara haikai yote kichwani mwa mtu mmoja. Pale vipimo vinapohakikiwa vizuri, kioo cha damu husomwa na jicho la kwanza, kikasomwa tena na jicho la pili lisiloambiwa la kwanza limeona nini. Yakitofautiana, huitwa la tatu. Rangi za kupakia damu hujaribiwa kabla ya kutumiwa. Mashine hupimwa kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari. Yote hayo yaliwekwa kwa sababu watu wazuri, wenye macho mazima na nia safi, hukosea. Kwa hiyo saini ile iliyokuwa na uzito haikuwa ya mtu mmoja hata siku moja. Ilikuwa saini ya jicho, chombo, daftari na wenzake pamoja. Aliyeondoka maabara ameondoka na sehemu yake tu, na akijifanya ameondoka na yote, atakuwa amesahau somo kubwa kuliko yote aliyofundishwa, nalo ni kutotamka pale asipopima.

Basi la kumwambia jirani ni nini? Ni kusema: “Kwa kutazama tu sijui, wala mwingine hawezi kujua kwa kutazama, twende kituoni.” Kisha kwenda naye, usiku ule na baridi ile, na majibu yakitoka kumfafanulia maana yake. Hapo hakuna malipo. Lakini neno “sijui” linapotoka kwa mjinga ni upungufu, na linapotoka kwa anayejua mipaka ya ujuzi wake ni amana. Jirani huyo pengine ataondoka amekasirika. Baada ya miaka huenda akakumbuka kuwa mtaani palikuwa na mtu mmoja aliyekataa kumdanganya.

Hata hivyo, kukataa maovu si riziki. Aliyeacha kuuza neno la uongo bado hajala. Ndipo inapofaa kuwakumbuka wayeyushaji chuma wa Ufipa, kwani nao walipotelewa na kazi iliyokuwa na elimu kubwa ndani yake, juu ya uwanda huo huo.

Wafipa walijenga matanuri ya udongo, marefu kuliko kimo cha mtu, yaliyoitwa malungu. Hayakuhitaji mivukuto, hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini, moto ukavuta pumzi kama kiumbe, ukawaka siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa bado na uchafu mwingi, na kikapelekwa katika tanuri dogo lenye mivukuto kisafishwe, ndipo mhunzi akapata chuma cha kufulia jembe. Waliochunguza habari hizo, miongoni mwao mwanaakiolojia wa Kitanzania Bertram Mapunda, wameonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa na hatua nyingi na mabadiliko mengi katika historia yake. Tanuri lilitazamwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijizuia na wake zao wakati wa kazi. Msomaji wa leo anaweza kutabasamu, lakini ndani ya miiko hiyo mlikuwa na jambo ambalo kila mtu wa maabara hulifahamu: kazi hii haifanywi ovyo, na anayeifanya lazima kwanza ajitawale.

Kazi ya myeyushaji ilikuwa kuchagua tangu mwanzo mpaka mwisho. Alichagua jiwe lenye chuma na kuliacha lisilo nacho. Alichagua mti wa makaa, udongo wa kuta, mahali pa kusimamisha tanuri, na saa ya kuacha moto ufe. Methali ya mchagua jembe ingemshangaza. Kwake yeye, kama pasingekuwa na mchaguzi, mkulima asingekuwa na jembe la kushika.

Kisha yakaja majembe ya kigeni na vyuma chakavu vya kigeni, na mwenye kulala karibu na moto siku kadhaa hakuweza kushindana na bei ya duka. Kufikia miaka ya 1930 kuyeyusha chuma Ufipa kulikuwa kumekwisha au kukaribia kwisha. Lakini uhunzi haukufa siku ile ile. Penye chuma chakavu mhunzi aliweza kuendelea kufua visu, mashoka na majembe. Nyundo yake haikuuliza chuma kimetoka wapi. Myeyushaji ndiye aliyebaki na elimu isiyo na pa kutua. Ile sehemu ya ujuzi iliyofungamana na chombo kimoja na soko moja ilipotea navyo. Ile iliyokuwa katika mkono na jicho ilipata njia. Na masalia ya matanuri yaliyobaki Ufipa yanaeleza pia hasara ambayo haikulipwa na mtu yeyote, kwa kuwa nchi ilipata jembe rahisi na ikapoteza watu waliojua jembe linatoka wapi.

Kwa hiyo mtu wa Majengo anapaswa kujiuliza: katika yale niliyokuwa nikiyafanya, lipi lilikuwa la tanuri na lipi lilikuwa la nyundo? Kuendesha mashine fulani ya aina fulani ni la tanuri; mashine ikiondoka, limeondoka. Lakini kuchukua sampuli kwa haki, kuandika kila kitu siku ile ile kilipotokea, kutilia shaka jibu linalopendeza mno, kutofautisha kilichoonekana na kilichotarajiwa: hayo ni ya nyundo. Yanatafuta chuma tu.

Historia ya Waislamu ina mfano ambao wasomaji wa pwani hawatauona mgeni. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya 10, ndiye aliyeandika Kitab al-Manazir, kitabu kikuu cha elimu ya kuona na nuru. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kuwa alikwenda Misri kwa Khalifa al-Hakim, kwa kuwa ilijulikana aliwahi kusema kwamba maji ya Mto Nile yangeweza kudhibitiwa. Akasafiri kwenda kusini kuutazama mto, na alipouona akakiri kuwa haiwezekani. Wanasimulia kwamba kwa kuiogopa hasira ya mtawala huyo alijifanya mwendawazimu, akakaa hivyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Na baadaye, Cairo, alijilisha kwa kunakili vitabu vya hesabu na falaki. Mtu mwenye akili ile akawa mnakili! Lakini kunakili vitabu vya hesabu si kazi ya mkono mtupu. Herufi moja ikikosewa katika mchoro, hoja nzima huanguka. Alishika jembe dogo kuliko uwezo wake, naam. Ila alichagua jembe ambalo unyofu wake ulikuwa na thamani. Na huko nyuma, mbele ya mto, alikuwa tayari amelipa gharama ya kusema ukweli kuhusu asichoweza.

Juu ya uwanda wa Ufipa, jembe la namna hiyo liko wapi leo? Moja liko ndani ya gunia. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Sumbawanga. Mahindi hayanunuliwi kwa kutazamwa rangi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo na kurundikwa, kuvu huota, na baadhi ya kuvu huzalisha sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula chakula chao wenyewe nyumbani kwao.

Mwenyeji wa bandari za pwani analijua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia ili nafaka ya ndani itoke na kujulikana. Anajua pia kwa nini liliundwa: kwa sababu juu ya gunia kila muuzaji huweka mahindi mazuri. Mtu wa maabara akilishika bambo, yuko kazini mwake. Kuchoma gunia moja na kuhukumu mia ni kosa ambalo alikatazwa tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Na hata pasipokuwa na mashine ya unyevu, kuna chupa kavu na chumvi kavu: mahindi hutiwa humo yakatikiswa kwa dakika chache, na chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Mtu mwingine angeishia hapo akatangaza kuwa mahindi ni salama. Aliyetoka maabara ataongeza maneno mawili yanayomfanya astahili kusikilizwa: kwamba 15 si 13.5, basi yaanikwe tena. Na kwamba chupa hii haisemi lolote juu ya sumukuvu. Mkulima anayehifadhi gunia kumi, mfanyabiashara anayejaza lori, kikundi cha akina mama wanaosaga lishe, wote wana haja ya mtu wa namna hiyo na ya daftari lake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa mwenye kupinga ana neno, na neno lake lazima lisikilizwe. Atasema: maneno haya mazuri ni ya aliyeshiba. Kuwapimia wakulima unyevu hakulipi kodi ya mwezi huu. Mtoto haambiwi asubiri baba au mama yake apate kazi inayofanana na tabia yake. Hayo ni kweli. Aliyepotelewa na kazi akibeba matofali wiki hii, akisukuma mkokoteni sokoni, akilima vibarua bondeni, hajajishusha hata kidogo. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Methali ya mchagua jembe ina ukweli wake kwa riziki ya leo. Kosa ni kuifanya sheria ya maisha yote. Anayeshika lolote leo ili kesho ale, na anayesadiki kuwa lolote ni sawa na lolote, ni watu wawili, ijapokuwa wamebeba tofali la aina moja. Wa kwanza bado anauliza kitu. Wa pili, siku mwenye duka la dawa atakapomwita nyuma ya kaunta, hatakuwa na sababu ya kukataa.

Jamii nayo ina deni lake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, taasisi zake za utafiti, kama ile ya malaria iliyokuwa Amani katika milima ya Usambara, zilibaki bila ya mwenyewe wa jana. Tanzania haikusema kazi ni kazi. Kwa sheria ya mwaka 1979 iliunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kituo cha Amani kikapata mwenyewe mpya. Nchi ilichagua jembe lake. Mlipaji wa mbali anapoondoka na watu waliofundishwa kupima wakaachwa watawanyike, wakitawanyika hadi wasikusanyike tena, hasara hiyo haitaonekana katika hesabu ya mwaka. Itaonekana siku kioo cha damu kitakapokosa jicho la pili.

Limebaki jambo moja, nalo ni la ndani zaidi. Husimuliwa kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Mtu akipotelewa na kazi, mtaani hakukosekani wenye kumweleza sababu: amerogwa, ana mkosi, ameiba dawa, amepuuza wazee. Na yeye mwenyewe usiku huongeza la kwake: mimi sikuwa na maana. Kila moja ya kauli hizo ni majibu yaliyotolewa bila kipimo. Kipimo kinaonyesha kuwa amri ilitiwa saini mbali sana, na mtu ambaye hakuwa akijua kama Majengo ipo. Yule aliyekataa kumtangazia mtoto wa jirani ugonjwa asioupima hana ruhusa ya kujitangazia mwenyewe ubovu asioupima. Haki aliyowatendea wengine kwa miaka kumi, sasa zamu yake kujitendea.

Na kesho yake asubuhi, barazani Majengo, ukungu ungalipo, jamaa atarudi na methali ile ile. Hapana haja ya kubishana naye. Jembe litapokewa, shamba litalimwa. Ila kabla ya kulipokea, mkono uliozoea kupima utaligeuza mara moja kutazama ncha yake, na katika kutazama huko hapana uvivu.